Bastola Isiyotaka Nguvu

Jumatatu, Oktoba 9

Mikono imenikatalia leo. Nilitaka kwenda kuangalia mipekani, miti yetu ya kokwa, kule chini mtoni, na kabla sijatoka nikaishika bastola yangu niikoki, kama nilivyoikoki kila siku ya Mungu tangu nilipokuwa msichana mwenye kiuno. Nikavuta sehemu ya juu, ikakaa kimya. Nikavuta tena, dole gumba likalia ka! na maumivu yakanipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikaibana katikati ya magoti kama mtu anayefungua chupa ya achari, wapi! Nikaitukana matusi ambayo mchungaji wetu hajawahi kuyasikia, nikaenda mtoni na fimbo.

Huko nikakuta nguruwe mwitu wameshafukua chini ya miti. Pekani za kwanza kudondoka wamezitafuna na maganda yake.

Daktari anasema ni baridi yabisi. Mimi nasema ni ujinga tu wa vidole. Nina miaka sabini na tatu, si mia.

Hollis akaniuliza nimenuna nini, nikamweleza. Mume wangu anakaribia themanini, na akili yake siku hizi inashika na kuachia kama redio yenye betri chakavu. Leo ilikuwa imeshika. Akacheka, akasema, "Nunua rivolva, Vee, kama wazee wenzako."

Chakula cha jioni nilikitupa mezani badala ya kukiweka.

Alhamisi, Oktoba 12

Mvua. Si wakati wake. Tunataka upepo mkavu wa kaskazini uje upasue maganda, tunaletewa mvua.

Jumamosi, Oktoba 14

Kifungua kinywa mjini, kwenye ile meza ndefu ya dirishani wanapokaa wazee kila Jumamosi. Huku kwetu mtu hatoki nyumbani bila bastola, kama asivyotoka bila miwani. Sasa nimeiangalia meza nzima na kugundua kwamba hakuna hata mmoja aliyebaki na ya kukoki; wote wana rivolva za kubana triga tu. Walianza kubadilisha miwani, wakafuata meno, wakamalizia na bastola.

Oleta Birdwell, ambaye ni shoga yangu tangu waume zetu wote wakiwa na nywele, aliona ninavyokishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Macho ya Oleta ni mabovu kwa kila kitu isipokuwa shida za watu.

"Ehee! Mwenye bastola ya vijana," akasema. "Hebu ikoki hapo tuone."

"Niache, Oleta."

"Imekukataa?"

"Haijanikataa. Tumegombana tu."

Meza nzima ikacheka. Oleta akaupiga mkoba wake, ile rivolva yake ndogo ikagonga humo ndani. "Sikiliza, shoga. Huyu hataki kubembelezwa. Unabana triga, analia. Asipolia, unabana tena. Hakuna kuvuta, hakuna kusukuma, hakuna kukumbuka kama umeikoki au hukuikoki. Hii ni silaha ya mtu anayeamka asubuhi na kuuliza leo ni siku gani."

"Mimi leo najua ni siku gani."

"Subiri," akasema Oleta, akaendelea na mchuzi wake na mkate.

Nimerudi nyumbani na hasira. Ile bastola ilikuwa nami siku gari lilipoharibikia kwenye barabara ya jangwani na binti yangu Rhonda akiwa mchanga kiti cha nyuma. Sitaki kuitupa kwa sababu ya kidole.

Jumanne, Oktoba 17

Nabonyeza mpira wa raba asubuhi na jioni. Lyndon wa duka la silaha amenipa ujanja kwa simu: usivute sehemu ya juu, ishike imara halafu usukume mshiko mbele. Nimefanikiwa mara moja. Ya pili, hola.

Jumapili, Oktoba 22

Baada ya ibada Hollis alitoka, akaingia kwenye gari la mtu mwingine, akafunga mkanda, akangoja kupelekwa nyumbani. Mwenye gari, muungwana yule, akampeleka. Mimi nilizunguka kanisa zima nikimtafuta, mpaka kwenye choo cha wanaume.

Nilipofika nyumbani nikamkuta barazani anamenya pekani. "Umechelewa," akaniambia.

Jumatano, Oktoba 25

Rhonda amepiga simu kutoka mjini Abilene, anakokaa. Binti yangu ni mtu mzuri, lakini akishika jambo ni kupe.

"Mama, nimeiona nyumba ya wazee. Safi, ina bustani."

"Baba yako hataki bustani. Anataka mipekani yake."

"Na siku akikuumiza?"

Nilimwahidi Hollis, alipopewa habari ya akili yake kwa daktari, kwamba atafia kwenye miti aliyoipanda baba yake. Nilimwahidi nikiwa nimemshika mkono. Sasa niende nikamweke Abilene achungulie maua dirishani? Haki ya Mungu, sifanyi.

Rhonda akauliza habari ya silaha. Nikamwambia bunduki zote zimo kwenye kabati la chuma na ufunguo ninauvaa shingoni. Bastola iko kwenye droo ya vitambaa, haijakokiwa, na baba yake hawezi kuikoki hata akipewa siku nzima. Mashine ya kutikisia miti ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia zamani, na wa kushoto una baridi yabisi mbaya kuliko yangu. Mwezi wa Aprili nilimkuta nayo jikoni anahangaika, akaiweka mezani na kusema, "Hiki kitu kimeshika kutu." Tukacheka wote wawili.

"Ile bastola ni kufuli yenyewe," nikamwambia Rhonda.

Akaaga haraka, akakata simu. Nilidhani nimeshinda.

Ijumaa, Novemba 3

Umekuja! Upepo wa kaskazini, baridi kavu, mbingu imeoshwa. Maganda yanapasuka na kokwa zinadondoka bati-bati-bati juu ya paa la ghala. Hollis amesimama chini ya mti mkubwa na kofia yake mkononi kama yuko kanisani. Ametaja jina la kila mti. Hakukosea hata mmoja.

Jumatatu, Novemba 6

Leo nimekimbia. Mimi!

Nilikuwa nimepiga magoti mtoni naokota, nikasikia mguno nyuma yangu. Nguruwe jike, mkubwa kama friji, na watoto wake nyuma. Nikaichomoa bastola, nikavuta, vidole vikateleza. Nikavuta tena. Yeye akainamisha kichwa, akaja. Sijui nilipandaje nyuma ya gari, najua nilipanda, na kiatu kimoja kikabaki chini. Akakitafuna mbele ya macho yangu, taratibu, kama ananionyesha.

Nilikaa pale juu mpaka alipochoka nami. Mtu akivunjika mguu watu humletea pai. Mtu akiishiwa na vidole analetewa mzaha.

Basi. Imetosha.

Jumanne, Novemba 7

Lyndon hakunicheka, na kwa hilo Mungu ambariki. Ana umri wa mwanangu. Alitandaza kitambaa kwenye kaunta, akaniwekea rivolva ndogo, nyepesi, triga yake imelainishwa.

"Wateja wangu wote waliopita sabini wanaishia hapa, Bi. Verna. Hata waliokuwa polisi. Wanakuja wamenuna, wanaondoka wanatabasamu."

"Mimi sitabasamu."

"Jaribu kwanza."

Tukaenda nyuma kwenye uwanja wa shabaha. Nikabana triga. Ikalia. Nikabana tena, ikalia. Hakuna kuvuta, hakuna dole gumba, hakuna maumivu. Lo! Nimetabasamu mpaka masikioni, na Lyndon akajifanya anaangalia mawingu.

Ile ya zamani nimemwachia palepale dukani. Sikutaka kurudi nayo nyumbani kunitazama.

Alhamisi, Novemba 9

Nguruwe wawili. Tumegawa nyama na jirani.

Ijumaa, Novemba 10

Rivolva inakaa kwenye mfuko wa aproni kama leso. Natembea mtoni kama mwenye nyumba, si kama mgeni. Oleta kanipigia simu kunipongeza, utadhani nimejifungua.

Jumatatu, Novemba 13

Hollis hatulii. Kutwa nzima anatembea kutoka dirisha hadi dirisha. "Kuna watu shambani, Vee. Wanatuibia." Nikamchukua, tukazunguka miti yote. Hakuna mtu. Tukarudi, akavua koti, akaenda dirishani. "Kuna watu shambani."

Nami nimeambukizwa. Nakaa, nasimama. Natia chumvi mara mbili. Nimejikuta nikichungulia nami.

Alhamisi, Novemba 16

Eusebio Lerma amepiga simu, anakuja Jumamosi kuokota kwa nusu. Amekuja kila mwaka tangu Rhonda akiwa shuleni: anaokota pekani zilizosalia baada ya mashine, mwishoni tunagawana, nusu yake na nusu yetu, na hakuna aliyewahi kupima kwa mizani. Ni mzee sasa, anapiga magoti kwa hesabu.

Nilimpa Hollis simu makusudi aongee mwenyewe. Uso wake ukafunguka. "Njoo, bwana! Nusu yako, nusu yangu, kama siku zote." Akaiweka simu chini anafurahi kama mtoto. Nikasema moyoni, laiti Rhonda angemwona sasa hivi.

Jumapili, Novemba 19

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika, maana nisipoandika nitaanza kujidanganya.

Eusebio alikuja asubuhi baada ya chai, na gari jeupe. Nilimwona kwa dirisha la jikoni, nikampungia unga mkononi, akanipungia. Hollis alikuwa barazani na bakuli lake anamenya. Nilikuwa nasukuma chapati ya pai. Simu ikalia chumbani. Nikavua aproni isije ikamwaga unga kwenye kitanda, nikaitundika kwenye kiti. Niliitundika hivyo, kama aproni. Sikufikiri lolote.

Alikuwa Rhonda. Nilikuwa namwambia, kwa maneno haya haya, "Baba yako hajambo kabisa, amekula, yuko barazani," huku narudi jikoni na simu sikioni. Nikaona mlango wa wavu uko wazi. Nikaona aproni iko chini.

Nilikimbia pekupeku.

Eusebio alikuwa amepiga magoti chini ya mti mkubwa, amempa Hollis mgongo, ndoo pembeni. Hollis amesimama nyuma yake, rivolva kwenye mkono wa kushoto, anapiga kelele: "Simama, mwizi! Hiyo ni mali ya watu!"

Eusebio akageuka, bado anatabasamu. "Bwana Hollis! Ni mimi!"

"Hilo gari silijui."

"La mwanangu, bwana. Langu limekufa."

"Mwongo wewe!"

"Hollis!" nikaita. "Ni Eusebio! Umemwita mwenyewe juzi kwa simu!"

Akanigeuzia uso. Hamsini na moja, ndiyo miaka ambayo uso ule umeniangalia kila asubuhi. Akasema, kwa heshima kabisa, "Na wewe, mama, ni nani?"

Nikanyosha mkono nimshike. Naye akamrudia Eusebio, akabana triga.

Haikumtaka avute. Haikumtaka asukume. Haikumtaka vidole vitano wala kukumbuka kitu. Ililia.

Gome la mti likaruka. Eusebio akaanguka ubavu, nami nikasema, amekufa, tumemuua. Hollis alishtushwa na mlio kuliko sisi wote. Mkono ukamshuka wenyewe. Nikaichukua ile rivolva vidoleni mwake bila kushindana naye, akaniangalia kwa woga akasema, "Vee? Nani kapiga risasi?"

Nilipogeuka, Eusebio alikuwa ameinuka kwenye goti moja. Damu inamtiririka shavuni, kipande cha gome kimemchana. Na mkono wake wa kulia ulikuwa kiunoni, kwenye rivolva yake ya kuulia nyoka, imeshatoka nusu. Tukaangaliana. Akairudisha polepole. Hollis hakuona.

Baadaye, Hollis amelala kwenye kiti chake, nikamsafisha Eusebio jikoni. Nilikuwa nalia, sikujaribu kujificha. "Nisamehe, Eusebio. Nisamehe."

"Nyamaza, Bi. Verna. Nikwambie kitu." Aliongea chinichini. "Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilishaichomoa nusu kabla sijajua ninachofanya. Ningekuwa na vidole vya zamani, sasa hivi ungekuwa mjane."

"Uzee umemwokoa."

"Na mimi, uzee wake umeniokoa. Hakuona hata mti uko wapi." Akacheka kidogo, akashika shavu. Mimi sikuweza kucheka. Kisha akasema, "Simwambii mtu. Lakini sirudi hapa mpaka ile silaha itoke ndani ya nyumba hii."

"Itatoka."

"Zote."

"Zote," nikasema.

Alipoondoka ndipo nilipokumbuka simu. Ilikuwa sakafuni jikoni. Rhonda alikuwa bado yumo ndani yake, analia.

Usiku sikulala. Nilikuwa na kufuli nyumbani, nikalipeleka dukani kwa kuwa linaniumiza kidole. Kilichonifaa mimi kilimfaa na yeye. Nilitaka bastola isiyotaka nguvu, na hiyo haikutaka hata akili.

Jumatatu, Novemba 20

Hollis ameuliza mara nne kwa nini Eusebio haji mwaka huu.

Alhamisi, Novemba 23. Sikukuu ya Shukrani

Rhonda alikuja na bata mzinga tayari ameokwa, hakuniamini hata na oveni. Baba yake alimtambua, akamshukuru Mungu kwa ajili yake kwa jina. Tulikula.

Kisha tukatoka barazani sisi wawili. Nilidhani atanipigia kelele. Hakupiga. Akasema, "Mama, chagua. Baba au silaha. Vyote viwili nyumba moja, hapana. Ukichagua silaha, nampeleka Abilene kesho."

Nikavua ufunguo shingoni. Akapakia bunduki zote kwenye gari lake, na ile ya marehemu baba yangu, na rivolva juu yake, ndani ya taulo. Nilimsaidia kubeba. Gari lilipokuwa linatoka nilijisikia nimevuliwa nguo mbele ya watu.

Hollis akauliza, "Amechukua nini?"

"Vitu vizito," nikasema.

Jumamosi, Novemba 25

Mjini. Oleta amesikia, sijui kwa nani.

"Uko kule mtoni, na nguruwe wale, bila kitu? Umerogwa?"

"Nina fimbo na sufuria ya kugonga."

"Verna, wewe ni mzee! Mzee ndiye anayehitaji."

"Mume wangu naye ni mzee, Oleta."

Akataka kunijibu. Akaangalia mkoba wake, na upande wa pili wa meza akamwangalia mumewe, ambaye alikuwa anatia chumvi kwenye kahawa. Akauvuta mkoba, akauweka mapajani, akaukumbatia kwa mikono yote miwili mpaka tulipoondoka.

Jumatano, Novemba 29

Nguruwe wamerudi. Nimegonga sufuria. Wameondoka bila haraka, wananidharau. Wadharau tu.

Jumamosi, Desemba 2

Nilimpigia Eusebio jana, nikamwambia nyumba ni tupu. Akasema, "Haya." Hakusema atakuja. Asubuhi nilikuwa natoka dirishani narudi dirishani, sasa mimi ndiye Hollis.

Lile gari jeupe likaingia. Hollis alikuwa barazani, nikatoka haraka nikasimama kati yao, mikono mitupu.

"Eusebio!" Hollis akasimama, bakuli likamwagika. "Umechelewa mwaka huu! Nilidhani umekufa."

"Bado kidogo, bwana."

"Gari jipya?"

"La mwanangu."

"Zuri hilo. Na shavuni umepatwa na nini?"

Eusebio akaniangalia mimi kwanza. Kiunoni mwake kulikuwa na mkanda mtupu. "Gome la mti, bwana. Lilinirukia."

"Nakwambia kila mwaka usikae karibu na miti yangu ikitikiswa. Vee, mletee kahawa huyu."

Waliokota pamoja kutwa nzima, vichwa viwili vyeupe chini ya miti, mmoja anapiga magoti na mwingine anashika ndoo. Niliwasikia wakibishana kuhusu mvua ya mwaka ambao mimi nilishausahau. Jioni wakamwaga rundo, wakaligawa kwa ndoo: moja yako, moja yangu, moja yako, moja yangu. Eusebio akaanza kufunga magunia yake.

Hollis akakaa analitazama fungu letu. Kisha akajaza ndoo kutoka humo, akaimwaga kwenye gunia la Eusebio. Akajaza ya pili.

"Bwana Hollis, tumeshagawana. Hiyo ni nusu yako."

"Chukua," Hollis akasema. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Kuna kitu nilikukosea. Nimesahau ni nini."

Eusebio akasimama na mdomo wa gunia mkononi. Hakunitazama. Akaufungua vizuri, kwa mikono yote miwili, akamwambia, "Mwaga, bwana."